Hema limelowa ndani na mvua haikunyesha: soma hapa kabla hujalirudisha dukani

#1 Mlalanje

Wakuu, habari zenu.

Kila msimu wa kampingi malalamiko ni yale yale. Mtu kanunua hema, kaambiwa halipitishi maji, kalala usiku mmoja tu, asubuhi kuta zinatiririka na begi la kulalia limelowa upande wa miguuni. Anakasirika, analirudisha, anapewa jingine, nalo linamfanyia vilevile. Nafungua uzi huu tulimalize hili jambo, maana maji mengi yanayokutwa ndani ya hema asubuhi hayakutoka nje. Yametoka kwa waliolala humo.

Tuanze na hesabu, bila hesabu watu hawaamini. Mtu mzima hupoteza karibu mililita 800 za maji kwa siku kupitia pumzi na ngozi, hata asipotoka jasho la kuonekana. Hiyo ni kama gramu 33 kwa saa. Usingizini hupungua, tuseme ni gramu 25 hadi 30. Mkilala wawili kwa saa nane mmeshamwaga hewani si chini ya mililita 400. Huyaoni, lakini yamo humo humo mlimo.

Sasa hewa nayo ina kiwango chake cha kubeba mvuke, na kiwango hicho hushuka kadiri inavyopoa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 hubeba gramu 17 hivi. Ikifika nyuzi 10 hubeba gramu 9 na kidogo. Kwenye sifuri ni chini ya gramu 5. Hema la watu wawili lina mita za ujazo mbili hadi tatu. Piga mwenyewe: usiku wa nyuzi 10, hewa yote iliyomo, hata kama ingeanza ikiwa kavu kabisa, inashiba kwa gramu 28. Nyie wawili mnatoa zaidi ya 50 kwa saa. Ukifunga kila zipu na kila tundu, ndani ya nusu saa hivi hewa imeshajaa, na usiku ndio kwanza unaanza.

Mvuke uliokosa nafasi hewani hutafuta mahali palipo baridi kuliko pengine. Kwenye hema, mahali hapo ni turubai la juu, lile la nje linalofunika hema la ndani mnamolala. Kinachotokea ni kile kile cha chupa ya maji ya friji ikiwekwa mezani. Na usiku wa anga safi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kitambaa kinatazama mbingu bila kizuizi, kinapoteza joto lake kwenda juu na kupoa kuliko hata hewa inayokizunguka. Ndiyo maana utakuta usiku wa nyota nyingi, usio na tone la mvua, ndio uliokulowesha kuliko usiku wa mawingu.

Kwa hiyo zile namba za kwenye lebo, 1500, 2000, 3000, hazihusiki hapa. Zile ni milimita za kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla hakijaanza kupenyeza. Tena kitambaa kinachokatalia maji kuingia ndicho kinachokatalia mvuke kutoka.

Dawa ni moja: hewa itoke. Mengine yote ni wasaidizi.

Matundu ya juu yabaki wazi usiku kucha, hata mvua ikinyesha. Yamewekewa vile vikofia kwa kazi hiyo. Lakini tundu la juu peke yake ni nusu ya kazi. Hewa ya moto inapanda na kutoka juu pale tu inapokuwepo nyingine ya kuingia chini. Kwa hiyo pindo la turubai la juu lisigande ardhini, liache upana wa kiganja. Zipu ya mlango wa nje, upande usiopigwa na upepo, ishushe shibiri mbili kutoka juu. Kisha vuta kamba zote za pembeni, hata zile unazoona hazina maana. Kipimo changu ni hiki: pitisha mkono kati ya turubai la juu na hema la ndani, zunguka nalo lote. Popote vitambaa viwili vinapogusana, hapo ndipo maji yatakapopita kuja kwako.


#2 Kamba Nne

Naweka kambi hapa 😀

Ila mkuu Mlalanje, mimi langu linavuja kweli. Saa tisa usiku tone lilinidondokea puani. Pumzi inadondoka?


#3 Mlalanje

Inadondoka, mkuu. Matone yakikusanyika kwenye turubai na upepo ukalipiga, yanaanguka yote kwa pamoja. Watu huapa kwamba mvua imepita.

Kujua ni lipi kati ya mawili, washa tochi uangalie yamekaaje. Unyevu wa pumzi umeenea, vitone vidogo vidogo kila mahali, na vingi viko juu ya vichwa vyenu. Uvujaji una anwani. Unaanzia kwenye mshono, kwenye kona, kwenye zipu, pale kamba iliposhonewa, na una mfereji wake mmoja unaoshuka. Ukitaka uhakika zaidi, lisimamishe mchana bila mtu ndani, limwagie maji kwa bomba kwa dakika kumi, halafu ingia na kitambaa kikavu upapase mishono. Kama ni kavu, huna cha kumdai mwenye duka.


#4 Bi Mkeka

Asante kwa uzi, kaka Mlalanje, lakini nyie wanaume mnasema "fungua" kama vile kulala na baridi ni sifa. Mimi nalala na watoto wawili. Nikifungua wanatetemeka, nikifunga tunaamka tumelowa. Na mbu je?


#5 Mlalanje

Dada Bi Mkeka, mbu hawana hoja hapa: unafungua turubai la juu, neti ya hema la ndani inabaki imefungwa.

Kuhusu baridi, hema halikupi joto kiasi unachodhani. Kitambaa chembamba kama kile kinazuia upepo, na tofauti ya ndani na nje ni nyuzi chache tu. Anayewapa watoto joto ni begi la kulalia na godoro la chini. Na begi likilowa ndipo baridi yenyewe inapoanza, hasa likiwa la manyoya ya bata, maana manyoya yakishika maji yanajikunja na kuacha kuhifadhi joto. Kwa hiyo ukifunga kila kitu unapata nyuzi mbili tatu za kuazima, halafu unazilipa alfajiri.

Kuna kingine ambacho wengi kinawatatiza: "nje kuna mvua, hewa imejaa maji, nikifungua si ndiyo yataingia?" Hewa ya nje ikiwa ya baridi, hata kama imeshiba, ina gramu chache kuliko hewa yenu ya ndani yenye joto. Ikiingia na kupata joto kidogo inakuwa na njaa ya mvuke tena, inabeba wenu na kutoka nao. Nyuzi 5 nje, hewa iliyoshiba ina gramu 7 hivi kwa kila mita ya ujazo; ikipata joto kufika 10 ina nafasi ya gramu mbili na nusu zaidi. Ni kidogo, lakini inazunguka usiku kucha.

Watoto wavalishe kofia na soksi kavu za kulalia tu, zisizotumika mchana. Na wasiingize vichwa ndani ya begi. Pumzi yote inaishia kwenye manyoya.


#6 Mzee wa Kurunzi

Nimewasoma wanangu, mko sawa, ila mmeanzia kati. Unyevu wa hema huamuliwa jioni unapochagua pa kulisimamisha. Ukikosea hapo, zipu zako zote hazitakuokoa.

Vijana wanapenda kando ya mto, majani laini, bondeni, mahali panapotoka vizuri kwenye picha. Hapo umekusanya maadui wote watatu. Hewa baridi ni nzito, ikifika usiku inateremka kutoka kwenye miteremko na kutuama bondeni. Mto unatoa mvuke. Majani mabichi nayo yanatoa mvuke, na ukiyafunika na hema yanautolea kwako. Panda kidogo tu kwenye mteremko, pale unaposikia kijiupepo shingoni. Hata mita chache za kupanda kutoka kwenye kitako cha bonde zinaonekana asubuhi: wa chini wanakamua, wewe unakunja.

Chini ya mti pia pana faida yake. Matawi yanakaa kati ya turubai na anga, kwa hiyo kitambaa hakipoi sana. Lakini tazama juu kwanza. Tawi lililokauka likikaa juu ya hema, hama. Unyevu haujamvunja mtu shingo.

Mlango uelekeze kule upepo mwepesi wa usiku unakotoka, si dhoruba. Na ile nafasi ya mbele kati ya mlango wa nje na wa ndani, ambayo haina sakafu, itandike kipande cha plastiki. Udongo mbichi hapo unapumua usiku kucha na hakuna anayeukumbuka.


#7 Zipu Nusu

Shikamoo mzee. Mimi nina njia yangu fupi: nawasha jiko dogo la gesi dakika kumi kabla ya kulala, hema linapata joto, unyevu wote unakauka. Mambo mepesi tu.


#8 Mlalanje

Zipu Nusu, hapa nitakuwa mkali kidogo unisamehe.

Gesi ikiungua hutengeneza maji. Gramu 100 za propani au butani zinatoa karibu gramu 160 za maji, yote kama mvuke, ndani ya hema lako. Dakika kumi zile unaona kumekauka kwa sababu hewa imepata joto na imeyabeba. Ukizima, kitambaa kinapoa, yanarudi yote pamoja na yale ya gesi.

Hilo ni la maji. La pili ni uhai. Jiko likiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha linatoa monoksidi ya kaboni, haina rangi, haina harufu, na inaua mtu akiwa usingizini bila kumwamsha. Mkaa ndio mbaya kupita vyote: ukiona umebaki makaa mekundu yasiyo na moshi unadhani sasa ni salama kuyaingiza ndani yatie joto, na hapo bado yanatoa sumu ile ile. Usiyaingize ndani, na usiyaweke kwenye ile nafasi ya mbele. Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu ndani ya hema lenye moto, toka naye nje mara moja, msilale tena "tuone kama itapoa", na atafutiwe matibabu.


#9 Zipu Nusu

Duh. Nimekuelewa mkuu. La maji sikuwa nalijua kabisa.


#10 Tembea Uone

Na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu? Kuna mtu aliniambia vining'inizwe vingi ndani ya hema, vinanyonya.


#11 Mlalanje

Vinanyonya kweli, ila tazama kiasi. Zile chembe za silika, zikinywa mpaka mwisho, hubeba kama theluthi moja ya uzito wake. Mililita 400 za usiku mmoja zinataka zaidi ya kilo moja ya chembe kwa watu wawili, na kesho yake uzioke kwenye moto wa zaidi ya nyuzi 100 ili zifanye kazi tena. Uko porini, utaoka wapi? Na kama umefungua matundu kama tulivyosema, unajaribu kukausha dunia nzima. Viweke kwenye begi la kamera, ndiko kwao. Chumvi na mchele, hata nusu saa ya mjadala haistahili.

Feni ndogo ya betri ina maana kidogo, kwa sharti: ielekeze kwenye tundu la juu, isukume hewa itoke. Ukiielekeza usoni na hema limefungwa inazungusha unyevu ule ule.


#12 Kamba Nne

Mkuu, nimefanya yote hayo juzi. Jioni turubai lilikuwa limekaza vizuri, kiganja kinapita. Usiku wa manane likawa limelegea na kulalia hema la ndani. Vigingi havijang'oka. Nini hicho?


#13 Bi Mkeka

Kamba Nne, angalia lebo, ni nailoni hiyo. Nailoni hunywa maji kidogo na ikinywa inarefuka. Poliesta hailegei hivyo. La kwetu la zamani lilikuwa nailoni. Mume wangu ndiye aliyekuwa akitoka kabla ya kulala, umande ukiwa umeshashuka, anakaza kamba mara ya pili. Kazi ya dakika mbili, lakini kila mtu anajifanya kalala.


#14 Mlalanje

😂 Dada kamaliza.

Niongezee tu: wenye hema la kitambaa kimoja, lile jepesi la kubeba mgongoni lisilo na hema la ndani, nyie hamna ukuta wa kuwakinga. Ukigeuka usingizini bega limeshapangusa ukuta. Kwenu kufungua si hiari, na lala katikati, begi lisiguse kichwani wala miguuni. Upande wa pili yapo mahema ya turubai la pamba. Hayo hupitisha mvuke yenyewe, ndani unaamka pakavu kwa raha zako, ila ni mazito na yakilowa huchukua muda mrefu kukauka. Yanafaa kwa wanaofika na gari.


#15 Bi Mkeka

Na maji ya chini ya godoro? Ninainua asubuhi nakuta sakafu imelowa umbo la mtu, na sakafu yangu haina tundu, nimeikagua kwa jua.


#16 Mzee wa Kurunzi

Hilo ni jasho lako binti yangu, usilaumu ardhi. Mvuke wa mwili unashuka, unapita pembeni mwa godoro na kukutana na sakafu ya baridi. Godoro nene linalozuia baridi ya ardhi linapunguza. Ukiamka, lisimamishe ubavu, pafute.

Ila angalia na lile turubai unalotandika chini ya hema. Likichomoza nje ya kingo za hema, hata vidole vinne, mvua inaliangukia na kutiririka hadi katikati, unakuwa umejichimbia kisima. Likunje liingie ndani pande zote.

Na begi la kulalia lianikwe kila siku, hata mkiwa safarini. Mkisimama mchana kupumzika na kuna jua, litoe, ligeuze nje ndani, hata kwa nusu saa. Kwa sababu unyevu wa begi hauishi asubuhi, unawekwa akiba. Mwaka 1911, watu watatu wa msafara wa Scott kule Antaktika, Wilson, Bowers na Cherry-Garrard, walitembea katikati ya majira ya baridi kwenda Cape Crozier, safari ya zaidi ya mwezi mmoja kwenda na kurudi. Pumzi na jasho lao viliganda ndani ya mabegi, usiku juu ya usiku, bila jua la kuyaanika, mpaka mabegi yakawa mazito na magumu. Kuingia ndani ilibidi mtu ayeyushe njia kwa mwili wake mwenyewe. Nyinyi hamwendi huko, lakini usiku wa tatu wa safari ya kawaida mtu huanza kulisikia.


#17 Tembea Uone

Mzee, heshima kwako.

Swali langu la mwisho. Huku ninakotembea mara nyingi ni joto, usiku nyuzi 25, unyevu wa kukamua. Hesabu za nyuzi 5 na 10 hazinihusu. Nafungua kila kitu na bado nalowa.


#18 Mlalanje

Hapo Tembea Uone umegusa mwisho wa dawa yetu. Kufungua kunaifanya hewa ya ndani iwe sawa na ya nje, haiwezi kuwa bora kuliko ya nje. Kama nje hewa yenyewe imeshiba kwa nyuzi 25, ina gramu 23 kila mita ya ujazo, na turubai likipoa nyuzi moja tu, umande unashika pande zote mbili. Hakuna zipu ya kufungua iliyobaki.

Kwa hali hiyo, kama anga limetulia na huna shaka na mvua, ondoa turubai la juu kabisa ulale na neti, ulikunje karibu ulivute wingu likija. Mzee kasema ya mti: kwenye joto mti ni muhimu zaidi. Nguo zilizolowa zisilale nanyi, zifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji au zibaki nje chini ya turubai. Viatu pia, viatu vya siku nzima ni chemchemi. Halafu kubali kwamba utafuta.

Kufuta kwenyewe kuna namna. Beba kitambaa kile kinene cha kufutia vioo vya gari, taulo la kawaida halitoshi. Kabla hujatoka kwenye begi, kabla mtu yeyote hajatikisa hema, anzia juu kwenye paa ushuke, kamua nje ya mlango, rudia. Mkianza kuvaa kwanza, viwiko vimeshakufutia nusu ya kuta. Na mahali pa baridi kali ambapo mvuke umeganda kuwa barafu nyembamba ndani ya turubai, fanya kabla jua halijalifikia: likung'ute kutoka nje, barafu ianguke kavu, uizoe na kuitupa. Ukichelewa inayeyuka juu ya vitu vyenu.


#19 Kamba Nne

Na la nyumbani? Mimi nikirudi nimechoka, hema linalala kwenye mfuko wake. La zamani limeanza kunata na linanuka vibaya, nilidhani ni uchafu.


#20 Mlalanje

Kunata si uchafu, mkuu. Ule utando wa poliurithani uliopakwa kwenye kitambaa kuzuia maji unavunjwavunjwa na unyevu taratibu. Hema likifungwa bichi kwenye mfuko, tena mahali penye joto, kazi inaenda haraka. Kwanza harufu, halafu linanata, halafu utando unabanduka vipande. Ukifika hapo haurudi. Madoadoa meusi ni koga, ni jambo jingine: sugua kwa sponji, maji ya vuguvugu na sabuni laini, usiingize kwenye mashine ya kufulia. Harufu itapungua, madoa mengi yatabaki.

Ukirudi, hata saa sita usiku, litoe kwenye mfuko ulitandaze juu ya viti au kamba. Kesho yake lianike kivulini penye upepo, maana jua la siku nyingi nalo linaozesha nailoni. Pindo na mishono ndiyo hukauka mwisho, zibonyeze kwa vidole kabla hujakunja. Na usilikaze kwenye ule mfuko mdogo, liweke kwenye mfuko mkubwa wa kitambaa.

La kwako la zamani, kama inayonata ni sakafu peke yake na turubai la juu ni zima, tandika turubai jembamba ndani uendelee nalo. Kama ni turubai la juu, lifanye kivuli cha mchana, utafute jingine la kulalia.